Mtoto Anayesumbua Darasani: Tuanzie Wapi?

 

Wiki hii tunazungumzia jambo linaloletwa mara nyingi katika mikutano yetu. Mtoto anarudi nyumbani na kikaratasi: mzazi afike shuleni. Mama anamwachia jirani meza yake ya sokoni, anaenda. Anakuta direkta amekunja uso, mwalimu anaonyesha mkono uliong'atwa, na mtoto amepigishwa magoti kando ya mlango. Anaambiwa: mwanao anapiga wenzake, anapasua kaye zao, anatukana wakubwa. Akikaripiwa anaingia chini ya benchi na hatoki. Siku nyingine anaruka dirishani na kukimbia. Akirudia, tutamfukuza.

Mama anarudi nyumbani na aibu kubwa. Njiani jirani anamkumbusha kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Shemeji anasema dawa ni fimbo, kwa sababu samaki hukunjwa angali mbichi. Mwingine ananong'ona kwamba mtoto huyo ana pepo, apelekwe kwenye chumba cha maombi. Katika maneno hayo yote, hakuna aliyeuliza: mtoto huyu anaogopa nini? Alikula nini asubuhi? Usiku alilala wapi?

Tunataka kuyashika hayo maswali matatu. Yanaonekana madogo, lakini tutawaonyesha kwa nini yana uzito.

Watoto wetu wamebeba nini

Wote tunajua Ituri imepita wapi. Tangu mwisho wa mwaka 2017 familia nyingi zimekimbia vijiji vya Djugu, na baadaye vya Irumu na Mahagi, wakaja kujibana mjini kwa ndugu au chini ya mahema. Mtoto aliyeona nyumba ikiungua hasemi, "Mama, nina jeraha moyoni." Hana maneno hayo. Anasema kwa ngumi, kwa kukojoa kitandani akiwa na miaka kumi, kwa kukataa kuandika, kwa kushtuka mlango ukigongwa. Mwingine anakuwa mkimya kabisa, na kwa sababu hasumbui mtu, hakuna anayemwona.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walifanya kazi hapa Ituri na vijana 819 wa shule za sekondari, na matokeo yao yalitoka mwaka 2010. Walikuta kwamba vijana waliokuwa wamehama na hawajarudi kwao ndio walioteseka zaidi moyoni. Hilo halitushangazi. Lakini walikuta pia kwamba mateso hayo hayakutokana na vita peke yake. Taabu za kila siku nazo zilikuwa na sehemu yake: kukosa chakula, kukosa mahali pazuri pa kulala, kukosa vifaa vya shule, kudharauliwa. Mwaka 2014 ukatoka uchunguzi mwingine, wa wasichana 1,305 wa shule hapa hapa Bunia. Kwa waliotendewa ubakaji, sehemu kubwa ya maumivu ilihusiana na majina waliyopewa na watu na jinsi walivyotengwa.

Wamama, tuyafikirie vizuri hayo. Alichokiona mtoto kijijini hatuwezi kukifuta. Lakini njaa ya saa nne asubuhi, usingizi uliokatika, jina la kejeli ambalo darasa lote linamwita, hayo yako karibu na mikono yetu. Hapo ndipo pa kuanzia.

Kaye ya wiki mbili

Mama mmoja wa kwetu ametukubalia tueleze habari zake bila jina. Mwanawe alikuwa na miaka tisa, mwaka wa tatu wa primeri. Walikuwa wametoka upande wa Djugu na kuishi kwa mjomba wa mtoto, watu tisa katika vyumba viwili. Shule ilikuwa imesema mara moja tena, halafu basi.

Tulimshauri kabla ya kufanya lolote achukue kaye ya kawaida na kuchora mistari minne. Katika mstari wa kwanza aandike siku na saa. Katika wa pili, kilichotokea kabla kidogo ya fujo. Katika wa tatu, mtoto alichofanya. Katika wa nne, watu wazima walichofanya. Mwalimu alikubali kumweleza kila jioni kwa maneno machache, na dada mkubwa wa mtoto akaandika, kwa sababu mama hakusoma sana. Asiye na mwandishi nyumbani anaweza kuchora alama: jua kwa asubuhi, sahani tupu kwa njaa, matone kwa mvua.

Wiki mbili zilipoisha tulihesabu pamoja. Fujo zilikuwa 11. Mara saba zilitokea baada ya saa nne, siku ambazo mtoto alitoka nyumbani bila kutia kitu mdomoni. Mara tatu zilitokea mvua ilipoanza kupiga mabati ya darasa. Mara moja tu hatukupata sababu.

Mama alikaa kimya. Halafu akasema kwamba usiku ule walipokimbia, risasi zilikuwa zinaanguka juu ya mabati.

Tangu hapo hakuna aliyemwita yule mtoto mkaidi. Walijua wanashughulika na njaa na mvua. Mama akaanza kuweka kiazi kitamu cha kuchemsha katika mfuko wake, hata nusu, cha kula wakati wa mapumziko. Mwalimu, ambaye ana watoto wengi mno darasani, alifanya mambo mawili yasiyomgharimu franka hata moja. Alimtoa katikati ya benchi akamweka mwisho, mgongo ukutani, mahali anapoona mlango. Na mvua ikianza, badala ya kupigana na kelele ambayo hata hivyo inazima sauti yake, anawaimbisha watoto wote mpaka ipungue.

Mwezi wa pili, katika wiki mbili, fujo zilikuwa nne. Hazikuisha. Kuna siku alimng'ata tena mwenzake. Lakini hakufukuzwa, na leo yuko mwaka wa nne.

Tusisahau mwili

Kabla ya kusema ni moyo, tupitie kituo cha afya. Mtoto anayetoka usaha masikioni hasikii amri, na mwalimu anadhani anamdharau. Mtoto asiyeona ubao anachoka, anaanza kuchokoza jirani yake. Mtoto aliyepona malaria ya ubongo anaweza kubaki na shida ya kukumbuka na kutulia. Watafiti waliofuatilia watoto wa Uganda baada ya ugonjwa huo wameliona hilo.

Na kuna kifafa. Katika Ituri yetu, hasa maeneo ya Logo kule Mahagi, kifafa kimeonekana kwa wingi mahali ambapo inzi wadogo weusi wa mtoni wanaleta upofu wa mito. Si kila kifafa kinamwangusha mtu na kutoa povu. Mtoto anaweza kukodoa macho kwa muda mfupi, kutafuna hewa, halafu akaamka amechanganyikiwa na kumsukuma aliye karibu. Mwalimu akisema "anakuwa kama hayupo", mwelezeni muuguzi maneno hayo hayo. Kifafa kina dawa ya kunywa kila siku, na haiachwi ghafla eti kwa sababu mtoto ameonekana mzima. Tena kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa kula sahani moja. Asiachwe peke yake mezani.

Mlango wa mwalimu

Wengi wetu tunaingia shuleni kwa njia mbili tu: tunapiga magoti au tunapiga kelele. Jaribuni njia ya tatu. Nendeni siku ambayo hamkuitwa, masomo yakiisha, msalimieni mwalimu kwa heshima na kusema: "Mwalimu, ninajua mtoto wangu anakuchosha. Nyumbani naye ananichosha. Nimekuja tusaidiane. Unaona fujo inaanza saa ngapi?" Mwalimu aliyekuwa akingoja matusi atavuta kiti.

Tukumbuke pia hali yake. Tangu masomo ya primeri yawe bure mwezi wa Septemba 2019, madarasa yamejaa sana. Shule nyingine zinapokea kundi la asubuhi na kundi la mchana. Tukimwomba mwalimu miujiza, hatatusikia. Tumwombe mambo matatu tu: mahali pazuri pa kukaa, ishara ndogo ambayo mtoto anaweza kutoa akisikia hasira inapanda, ili atoke dakika tano akakae chini ya mti na kurudi, na kazi ya heshima, kama kugawa chaki au kufuta ubao. Mtoto anayejulikana kwa mabaya tu anahitaji jambo moja ambalo darasa litamjua nalo kwa mema.

Kuhusu fimbo, tuseme wazi. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao nchi yetu iliukubali mwaka 1990, unataka nidhamu ya shule ilinde heshima ya mtoto. Zaidi ya sheria, kuna akili ya kawaida. Mtoto aliyejifunza kwamba mkubwa mwenye kitu mkononi ni hatari, ukimjia na kiboko unamrudisha pale pale alipokimbia. Atatulia kwa hofu leo, kesho ataruka dirishani.

Ikiwa mwalimu hasikii, nendeni kwa direkta. Ikishindikana, kuna komite ya wazazi ya shule. Ninyi mlio katika komite hizo, msikae mkizungumza michango tu. Ulizeni ni watoto wangapi wamefukuzwa mwaka huu, na sasa wako wapi.

Nyumbani

Wakati wa hasira si wakati wa mafundisho. Mtoto akilipuka, ondoeni wadogo, ondoeni kisu na mawe, kaeni karibu bila kumkumbatia kwa nguvu, mseme maneno machache kwa sauti ya chini: "Niko hapa. Hakuna atakayekupiga." Mazungumzo yangoje mpaka amekunywa maji na pumzi imerudi.

Lakini kutompiga hakumaanishi kumwacha. Akipasua kaye ya mwenzake, akae jioni amwandikie upya kurasa zilizochanika, na kesho ampelekee mwenyewe. Akimpiga mdogo wake, amchotee maji ya kuoga. Kosa linatengenezwa kwa kazi inayofanana nalo, na kazi ikiisha, jambo limeisha. Halirudishwi mezani wakati wa kula wala mbele ya wageni.

Mtoto anayekojoa kitandani asibebeshwe mkeka wake njiani ili watoto wa jirani wamcheke. Wengi wanaona hiyo ni dawa. Ni kidonda kingine juu ya kidonda. Amsheni mtoto akojoe kabla ya ninyi wenyewe kulala, aoshe nguo zake asubuhi bila maneno, na mkeka uanikwe nyuma ya nyumba.

Jioni, hata kama ni vyumba viwili na watu tisa, kuwe na jambo moja lisilobadilika: anaosha miguu, anakaa karibu na mama dakika chache, anasimulia jambo moja la siku hiyo, anaombewa, analala mahali pale pale. Mtoto ambaye maisha yake yalivurugika kwa usiku mmoja anahitaji kujua kesho itafanana na leo.

Neno kuhusu pepo na ulozi

Kumwombea mtoto ni jambo jema, na sisi tunawaombea watoto wetu. Kumfunga kamba, kumnyima chakula siku nyingi, kumpiga ili kitu kitoke ndani yake, hayo si maombi, ni mateso. Katiba yetu ya mwaka 2006, ibara ya 41, inakataza kumtupa mtoto, kumtesa na kumshtaki uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu kwa mtu anayemshtaki mtoto kuwa mlozi. Ndugu yeyote akianza kutamka neno hilo juu ya yatima au mtoto wa mke wa kwanza, mama usinyamaze. Neno hilo likishatoka, mtoto anaishia njiani.

Mtoto akifukuzwa anaenda wapi?

Tunasisitiza kwa sababu tunajua barabara inayoanzia nje ya lango la shule. Wengine wanaenda kwenye machimbo ya dhahabu. Wengine wanazunguka sokoni. Na katika jimbo letu kuna wanaume wenye bunduki ambao siku zote wana nafasi kwa kijana asiye na pa kwenda. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule La Haye ilimhukumu Thomas Lubanga miaka 14 kwa kuandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia katika vita hapa Ituri, miaka ya 2002 na 2003. Hukumu hiyo ya kwanza kabisa ya mahakama ile ilihusu watoto wa kwetu. Kila mtoto mwenye hasira tunayembakiza darasani ni mmoja ambaye hao hawatampata kwa urahisi.

Na wewe mama ambaye mwanao ndiye aliyeng'atwa, hatukusahau. Una haki ya kukasirika na kudai mwanao alindwe. Daini aombwe msamaha, daini watenganishwe wakati wa mapumziko. Tunakuomba tu usiongoze wengine kwenda kwa direkta kudai yule mwingine afukuzwe. Kamtafute mama yake. Huenda mmekaa kikundi kimoja cha likelemba bila kujuana.

Wakati wa kukimbilia msaada

Kuna mambo yasiyongoja kaye ya wiki mbili. Mtoto akisema anataka kufa au akijaribu kujiumiza, akitafuta kisu ili amchome mtu, akiacha kula na kusema, akianza kusikia sauti ambazo wengine hawasikii, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, na muulizie anayeshughulikia afya ya akili. Msimwache peke yake. Ikiwa mmegundua ametendewa ubakaji, msichana au mvulana, afike hospitali kabla ya saa 72 kwisha, maana dawa ya kuzuia ukimwi inafanya kazi ndani ya muda huo tu. Hata kama muda umepita, mpelekeni, kuna matibabu mengine. Na jina lake lisitoke mdomoni mwenu.

Msaada wa moyo nao unasaidia. Mwaka 2013 watafiti walitoa matokeo ya kazi iliyofanywa mashariki mwa nchi yetu na wasichana walioumizwa na vita. Walikaa katika kikundi mikutano 15, wakiongozwa na wafanyakazi wa jamii Wakongomani, wakijifunza kutuliza mwili na kusimulia yaliyowapata mahali penye usalama. Hofu na huzuni zao zilipungua sana. Hawakusafirishwa Ulaya.

Na mama je?

Wengi wetu tulikuwa watoto mwaka 2003, Bunia ilipowaka. Tulilala chini ya vitanda, tukakimbia usiku, tukazika watu. Hakuna aliyetuuliza kitu. Tuliambiwa tunyamaze, tukanyamaza, leo sisi ndio wazazi. Ndiyo maana kelele ya mtoto inatutetemesha zaidi ya inavyopaswa, na mkono unatangulia kabla ya akili. Mama anayelea mtoto wa namna hii anahitaji mtu wa kumpokea mtoto nusu siku, apumzike. Anahitaji mwenzake wa kwenda naye shuleni. Mkono mmoja haulei mwana.

Kwa hiyo katika mkutano wetu ujao, likelemba ikishahesabiwa, tutabaki saa moja kwa ajili ya wamama wenye kikaratasi cha shule. Mje na kaye, hata ikiwa na siku tatu tu. Wanaojua kuandika watasaidia wasiojua. Na tutapanga wawili wawili, nani atamsindikiza nani kwa mwalimu wiki inayofuata.

Mkae salama, wamama.